Dada aliniambia nimchore katikati

Dada yangu aliondoka 2017, mwanae akiwa na miaka mitatu, akaenda London kufanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani kwao, na mtoto akabaki Tanga kwa bibi yake yaani mama yetu. Mi niko Dar, nachora sura za watu, nina kibanda Mwenge na ndo kazi inayonilisha. Mtu anakuja na picha kwenye simu, ya harusi au mahafali au ya baba marehemu, naiprinti, napiga viboksi juu yake, napiga viboksi vilevile kwenye kanvasi alafu nahamisha boksi kwa boksi mpaka sura inatoka. Ndo tulivyofundishana wote pale na wateja wanaridhika.

2022 dada akaniagiza picha ya familia. Akatuma picha tatu WhatsApp, ya mama, ya mtoto kavaa yunifomu ya shule, na ya kwake mwenyewe kavaa koti jekundu huko kwenye baridi, akasema mdogo wangu tuunganishe, unitie mi katikati, mama kulia na mwanangu kushoto, tushikane mikono. Kuunganisha watu ambao hawakukaa pamoja ndo oda zetu za kila siku kwa hiyo sikuona tatizo. Koti nikalitoa nikamvika kitenge, nikamkalisha kwenye kile kiti cha mama cha barazani maana ndo kilikuwa katikati, mama nikamsimamisha pembeni na mtoto upande wa pili. Wiki mbili nzima nimeifanya, na sura zilitoka, hata wenzangu pale walisema aisee hii umeiweza.

Nikapanda basi nikaipeleka Tanga waione kwanza kabla haijasafirishwa. Mpwa wangu wakati huo ana miaka minane. Akaiangalia muda mrefu, akasogea, akarudi nyuma, alafu akaniuliza, "Mjomba, mbona mama amekaa kwenye kiti cha bibi?" Nikamwambia si ndo picha ya familia, wote mko pamoja. Akasema, "Lakini mama hakai hapo." Hakulia wala hakukasirika, alisema tu kama mtu anayekurekebisha umekosea njia, alafu akaenda kucheza. Mama akanyamaza. Ile picha ikabaki imeegemea ukuta chumbani kwake na mpaka leo haijatundikwa.

Sasa nilirudi Dar na yale maneno yakawa hayanitoki. Nimechora watu miaka kumi na nilikuwa naamini kazi yangu ni kupatia sura, pua iwe pua yake, macho yawe yake, basi. Kumbe mtoto wa miaka minane ameona kwa dakika mbili kitu ambacho mi sikukiona wiki mbili, kwamba sura zote ni za kweli na picha ni ya uongo.

Kipindi hichohicho nilikuwa na kitabu kikubwa cha picha nilichonunua kwa wale wanaopanga vitabu vya mitumba chini mjini, cha mchoraji wa Ufaransa Paul Gauguin, mmoja wa kina Van Gogh na Cézanne, wale waliokuja baada ya Waimpreshonisti, yaani wachoraji wa Ufaransa waliokuwa wanachora mwanga kwa brashi za harakaharaka. Jamaa alikuwa anafanya kazi ya soko la hisa Paris, anachora wikiendi, 1882 soko likaanguka na haikuchukua muda akaacha kabisa akasema yeye ni mchoraji. 1891 akapanda meli mpaka Tahiti, kisiwa cha Polinesia katikati ya Pasifiki ambacho Ufaransa ilishakichukua rasmi kuwa koloni tangu 1880. Nilikuwa nimekinunua kwa sababu ya rangi tu. Wale watu aliowachora ni weusi wa kahawia kama sisi watu wa pwani, na mi shida yangu kubwa siku zote ilikuwa ngozi. Sisi tulizoea kwenye kivuli unaongeza nyeusi kwenye kahawia, na ukifanya hivyo ngozi inakuwa kama imepakwa masizi, inakufa. Yeye kivulini anatia kijani, anatia bluu, anatia zambarau kabisa, na penye mwanga anatia chungwa na waridi, na ngozi inawaka, unahisi kuna damu chini yake. Nilijaribu nikaona ni kweli. Hilo nalisema kwa kila kijana anayekuja kujifunza kwangu, weka ile chupa ya nyeusi mbali kabisa, utaihitaji kwenye nywele na mboni ya jicho na hata huko usiimwage.

Ila baada ya maneno ya mpwa wangu nikaanza kukifungua kile kitabu kwa jicho lingine, nikawa natafuta zile picha ambazo watu wamekaa kifamilia, mama na mtoto, ndugu kwa ndugu, nione huyu mtu anawapangaje.

Kuna moja ya 1891 inaitwa Mlo, iko Paris kwenye makumbusho ya Orsay. Watoto watatu wamekaa nyuma ya meza imetandikwa kitambaa cheupe, mbele yao kuna mkungu wa ndizi zile nyekundunyekundu, machungwa, bakuli kubwa la mti, kisu. Chakula kimejaa meza nzima kimechorwa kikubwa kuliko hata wao, na hakuna anayekula, na hakuna anayetuangalia sisi vizuri, mmoja macho yameenda pembeni kama ameitwa na mtu. Mi ningeichora wangekuwa wanacheka wanakula, ndivyo mteja anavyotaka. Lakini kaa uangalie watoto wako kweli mezani kabla hawajaruhusiwa kugusa chakula, wanakaa hivyohivyo, yuko pale na akili iko mlangoni.

Na nyingine ndo iliyonishika mpaka leo. Inaitwa Te Rerioa, yaani Ndoto, ya 1897, iko London kwenye nyumba ya sanaa ya Courtauld. Wanawake wawili wamekaa chini sakafuni ndani ya chumba ambacho kuta zake zimejaa michoro na nakshi za watu na wanyama, pembeni kuna kitanda cha mtoto cha kuchongwa na mtoto amelala ndani, chini kuna paka naye amelala. Wale wanawake hawaongei wala hawaangaliani, na hakuna anayemwangalia mtoto, kila mmoja yuko na lake. Nyuma yao kuna mlango, au ni picha ukutani, huwezi kujua maana kaiacha makusudi isijulikane, unaona milima na njia, na kwenye ile njia kuna mwanaume juu ya farasi, mdogo sana.

Nilikaa na ile picha siku nyingi ndo nikaanza kuiona kuwa ni familia. Mtoto yupo, mama yupo, labda shangazi au bibi yupo, na yule wa kwenye farasi ndo hayupo lakini kawekwa. Hakukalishwa katikati akashikwa mkono. Kawekwa mbali, kwa ukubwa wa umbali wake, na bado chumba kizima kinamngoja, au kinamsahau, sijui, inategemea siku unayoiangalia. Gauguin mwenyewe alimwandikia rafiki yake Daniel de Monfreid Machi 1897 akamwambia kila kitu kwenye ile picha ni ndoto, na akauliza, ndoto ni ya nani, ya mtoto, ya mama, ya yule aliyepanda farasi, au ni ya mchoraji? Hakujibu. Nilivyosoma hayo nikakumbuka kiti cha mama pale Tanga.

Nikampigia dada. Nikamwambia uko mji mmoja na hii picha, nenda ukaiangalie kwa niaba yangu, maana mi naiona kwenye karatasi na kwenye simu tu. Alikataa mwanzo, anafanya shifti mpaka usiku na siku ya ofu analala, mi naelewa, lakini siku moja nikashangaa ananitumia voisi ya dakika karibu saba. Amelipa kiingilio ameingia, anaongea kwa kunong'ona. Anasema ni kubwa kuliko nilivyofikiria (kweli ina karibu sentimita 130 kwa 95, we pima kwenye meza yako uone), anasema rangi yenyewe ni nyembamba unaona mpaka nyuzi za kitambaa, na hapo nilifurahi maana hicho ndo kitu kitabu hakiwezi kukuonyesha. Alafu akanyamaza kidogo kwenye ile voisi unasikia tu watu wanapita. Akasema, "Mdogo wangu, huyu mtoto amelala na hakuna anayemwangalia, na mimi nimesimama hapa namwangalia." Akazima.

Jioni akanipigia akaniuliza huyo mtu aliyechora alikuwa na watoto? Nikamwambia yote ninayoyajua na nikayasoma zaidi ili nimjibu sawasawa, na hapa ndo stori inakuwa nzito.

Gauguin alikuwa na mke, Mette Gad, mwanamke wa Denmark, na watoto watano. Alipoacha kazi ya hisa walihamia Copenhagen kwa kina mke, mambo hayakwenda, 1885 akaondoka akarudi Paris na mtoto mmoja wa kiume. Mette akabaki analea, alikuwa anafundisha Kifaransa na kutafsiri vitabu ili watoto wale. Machi 1891 kabla ya meli ya Tahiti Gauguin alipita Copenhagen kuwaaga, na hakuwaona tena. Walikuwa wanaandikiana barua. Mtoto wa kike alikuwa mmoja tu, Aline, ndo aliyempenda kuliko wote kwa maneno yake mwenyewe, mpaka alimwandikia daftari zima la mawazo yake, Daftari la Aline, na lile daftari Aline hakuwahi kulipata.

Aline alikufa Januari 1897 kwa nimonia, ana miaka 19. Habari zilimfikia baba yake Aprili, kwa barua, maana ndivyo dunia ilivyokuwa, meli inachukua miezi.

Sasa hebu ziangalie hizo tarehe. Ile picha ya mtoto amelala na wanawake wawili kimya, barua inayoielezea ni ya Machi. Yaani wakati anachora ule utulivu wote, anauliza ndoto ni ya nani, mwanae alishazikwa na yeye hajui. Na kule Tahiti kwenyewe msichana aliyekuwa anaishi naye, Pahura, alikuwa amejifungua mtoto wa kike mwishoni mwa 1896 na yule mtoto akafa muda mfupi tu baada ya kuzaliwa. Nilipoziweka hizo tarehe pamoja nilitoka nje ya kibanda nikakaa kwenye ndoo.

Na kuna nyingine ndogo ambayo niliiona baadae, ya 1881 alipokuwa bado na familia yake, iko kwenye makumbusho ya Ordrupgaard huko huko karibu na Copenhagen. Mtoto amelala kitandani ametupa mgongo, kuna mdoli umening'inia kwenye kitanda, na jina la ile picha ni Mdogo Anaota. Yule mtoto ni Aline, ana kama miaka mitatu. Miaka 16 baadae anachora mtoto mwingine amelala, baharini kule upande wa pili wa dunia, na jina linakuwa lilelile la ndoto. Nilimtumia dada hiyo picha na nilijuta kumtumia, maana alinijibu neno moja, "Mitatu." Umri wa mwanae alipomuacha.

Tuligombana kidogo baada ya hapo. Alidhani namfananisha na yule mtu. Akaniambia maneno ambayo nimeyashika, akasema mimi natuma hela kila tarehe tano, Jumapili napiga simu hata kama nimetoka shifti ya usiku sijalala, najua mwalimu wake wa darasa, najua ameota jino gani, yule mwanaume alijua nini? Na ana haki. Mette ndo alikuwa anajua jino gani. Nikamwomba msamaha na namwomba tena hapa.

Na kuna jambo siwezi kuliruka kwa vile tu nampenda mchoraji. Tehamana, yule aliyekuwa anaishi naye safari ya kwanza, alikuwa na miaka kama 13. Pahura alikuwa na kama 14. Na alipohamia kisiwa cha Hiva Oa 1901, akachukua tena binti mdogo wa shule, Vaeoho, wa umri huohuo, na ndo kisiwa alichofia Mei 1903. Kuna watu wanakuambia zilikuwa enzi zile, usihukumu. Mi nina mpwa wa kike. Yule mtoto aliyeniambia mama hakai hapo, miaka minne mitano tu mbele yake ndo umri wa Tehamana, na sioni enzi ambayo hilo lingekuwa sawa kwa mama yake. Wale mabinti walikuwa na mama, na mzungu alikuwa na bendera ya serikali nyuma yake hata kama mwenyewe alikuwa anagombana na hiyo serikali kila siku. Kwa hiyo nikimfundisha kijana rangi za Gauguin namwambia na hili. Nilijaribu muda fulani kulitenganisha, rangi huku na mtu kule, lakini ukikaa sana mbele ya zile picha huwezi, maana wale wanawake kunyamaza kwao kunaweza kuwa ndo jibu lao kwake, na yeye akaliita ndoto.

Ila kuna mmoja alimjibu waziwazi na ndo nampenda kuliko wote. Safari ileile ya kwanza, 1891, jirani yake alikuja nyumbani kwake kuangalia picha, Gauguin akamwambia nikuchore, yule mama akasema hapana, akaondoka zake. Baada ya muda akarudi, kavaa gauni lake zuri kabisa na ua sikioni. Hivyo ndivyo Gauguin mwenyewe anavyosimulia. Ile picha inaitwa Vahine no te Tiare, Mwanamke Mwenye Ua, na iko Copenhagen kwenye makumbusho ya Glyptotek. Gauni lenyewe ni lile refu la kufunika mpaka shingoni ambalo wamishenari walileta, Gauguin hakuwa anayapenda yale magauni, alikuja kutafuta watu wa asili wa kwenye mawazo yake. Lakini yule mama aliamua yeye. Alisema hapana, akaenda kujiandaa, akarudi kama anavyotaka aonekane. Yaani kati ya picha zote za Tahiti ile ndo naiona imechorwa na watu wawili.

Basi 2023 mwezi wa sita nikafunga kibanda nikaenda Tanga wiki tatu. Sikubeba picha za simu, nilibeba rangi, brashi, na gunia la mkonge. Gunia ni kwa sababu yake pia, maana ile picha yake kubwa kuliko zote, ya maswali matatu tunatoka wapi, sisi nani, tunakwenda wapi, ambayo iko Boston na aliichora baada ya habari ya Aline kumfika, ina karibu mita tatu na robo tatu kwa urefu na aliichora kwenye kitambaa cha gunia kilichojaa mafundo maana kanvasi nzuri hakuwa nayo. Nikasema Tanga ndo kwenyewe mkonge ulikokuwa dhahabu, babu yetu alikata mkonge, tuchorewe juu ya mkonge. Nawaambia mapema mwenye kutaka kujaribu, gunia linakunywa rangi vibaya sana, pika gundi upake mara mbili na uache ikauke kabisa, ukiharakisha rangi inazama na siku ya pili hauioni.

Siku ya kwanza nikamwambia mama, mama nakuchora, unataka ukaeje? Nilikuwa nimezoea kuwa mi ndo napanga. Mama akasema ngoja kwanza, akaingia ndani, nusu saa nzima nasikia kabati linafunguliwa. Akatoka na dera jipya la kijani ambalo sijawahi kuliona na mtandio mweupe, kajipaka wanja, akakaa chini kwenye mkeka badala ya kwenye kiti. Nikamuuliza mbona chini mama, akasema Jumapili tunakaa chini tukiongea na dada yako, kiti kinamfanya mtoto asimame na anachoka. Mi sikuwa najua hilo. Miaka sita wanaongea kila Jumapili na mi sikuwa najua kuwa wanakaa mkekani.

Mpwa wangu nikamuuliza, na mama yako tumweke wapi? Akanishangaa kabisa. Akaenda akaleta simu ya bibi, akaiegemeza kwenye chupa ya chai pale mkekani, akaigeuza kidogo ikae sawa, akasema, "Mama yuko hapa."

Basi nikachora hivyo. Jumapili tatu nimechora wakiwa wanaongea naye kweli, na siku za katikati nachora mkeka, ukuta, chupa, miguu. Mama anaangalia simu lakini ni kama haiangalii, anasikiliza, macho yako chini kwenye mkono wake. Mtoto amelala kifudifudi, mguu mmoja juu, anaongea na huku anachezea ukingo wa mkeka. Hawaangaliani. Mi wa zamani ningewageuza watazame mbele. Simu nikaichora kwa ukubwa wake wa kweli, kidogo vile, sura ya dada haionekani kabisa maana imeelekea kwao, imetupa mgongo. Kinachoonekana ni ule mwanga wake. Jioni saa kumi na mbili barazani kunakuwa na giza kidogo, na ile simu inapiga mwanga wa bluu kwenye shavu la mama na kwenye paji la uso la mtoto, na hapo ndo kile nilichojifunza cha bluu juu ya ngozi ya kahawia kilifanya kazi, kwa sababu safari hii bluu haikuwa ya kivuli, ilikuwa ni dada. Nimeifuta ile sehemu ya shavu mara tano. Ikiwa nyingi mama anaonekana mgonjwa, ikiwa kidogo hauioni. Mwisho nilichanganya na chungwa pembeni yake kabisa ndo ikatulia.

Kuna mteja wangu mmoja aliyeiona baadae kwenye simu akasema mbona huyo dada mwenyewe humu hayumo, umemla hela yake. Sikubishana naye. Nilimwonyesha mama anavyosikiliza.

Nilimtumia dada picha yake kabla sijaitoa kwenye fremu ya kuwambia. Alama mbili za bluu, kaiona, kimya. Siku nzima. Kesho yake kimya. Nikaanza kufikiria nimemuumiza tena, kwamba alilipia awe katikati na mi nimemfanya mgongo wa simu. Siku ya tatu usiku wa manane simu inaita, ni yeye, katoka shifti, sauti imekauka. Hakusema nzuri wala mbaya. Akasema, "Ule mkeka umeukosea. Mistari ya zambarau ni mitano, we umechora minne. Na wa mwisho umechuja, ni ule uliomwagikiwa na uji."

Nikaamka asubuhi nikautandaza ule mkeka barazani nikahesabu. Mitano, na wa tano umechuja. Nikachukua brashi.